Ufuatiliaji wa Miaka Miwili Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Huduma Nzuri Inayokoma Mapema

Huduma ninayoitathmini hapa si upasuaji wenyewe bali kile kinachoufuata, yaani mpango wa ufuatiliaji wa miaka 2 unaotolewa na kliniki iliyonipasua, ambao mgonjwa huulipia pamoja na upasuaji na kuanza kuutumia mara anapotoka wodini. Kliniki sitaitaja, kwa sababu wenzangu waliopasuliwa kwingine wananisimulia mipango inayofanana na huu karibu kwa kila kitu, upungufu wake mkubwa ukiwamo, na kwa hiyo ninayoyasema yatamfaa msomaji kupimia huduma ya namna hii popote atakapoikuta. Maoni yangu nayaweka mbele: mwaka wa kwanza huduma ni ya kiwango cha juu, mwaka wa pili inalegea, na mpango unafungwa wakati ule ule ambao uzito huanza kurudi.

Asiyeupitia upasuaji huu anaweza kudhani kwamba nalalamikia jambo dogo, hivyo inafaa nieleze kwanza jinsi mwili unavyokwenda. Katika upasuaji wa kulifanya tumbo kuwa mrija, ambao ndio niliofanyiwa, daktari huondoa takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Katika upasuaji wa mchepusho huacha kifuko kidogo cha mililita 30 hivi na kukiunganisha na utumbo mwembamba. Sehemu inayoondolewa katika upasuaji wa mrija ndiyo inayozalisha kwa wingi ghrelini, homoni inayochochea njaa, na katika aina zote mbili homoni za utumbo zinazoleta shibe, kama vile GLP-1, huongezeka baada ya mlo. Ndiyo maana miezi ya mwanzo mtu hupungua hata kama hana nidhamu ya kujivunia. Uzito wa chini kabisa hufikiwa kwa kawaida kati ya mwezi wa 12 na wa 24, kisha mambo hubadilika: njaa hurudi taratibu, tumbo huanza kupokea chakula kingi zaidi kwa mlo mmoja, na mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987, uliofuatilia zaidi ya watu 2,000 waliopasuliwa, ulionyesha kuwa waliofanyiwa mchepusho walipoteza wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika mwaka 1 hadi 2 ya mwanzo, na baada ya miaka 10 punguzo hilo lilikuwa limebaki asilimia 25. Waliofungwa mkanda wa tumbo, yaani mkanda unaobana sehemu ya juu ya tumbo bila kukata kitu, walitoka asilimia 20 wakaishia 14. Kurudi kwa sehemu ya uzito, basi, ni jambo la kutarajiwa, na swali la haki la kuuliza kuhusu mpango wowote wa ufuatiliaji ni kama utakuwapo jambo hilo litakapoanza.

Sifa kubwa kuliko zote zinamwendea mtaalamu wa lishe wa mwaka wa kwanza. Wapo wa taaluma hiyo wanaompa mgonjwa orodha ya vyakula vya kula na vya kuacha, kisha wakamuaga. Huyu aliuliza mengine: ninakula saa ngapi, nikiwa wapi, nikiwa na nani, na ni vitu gani vinavyopita mdomoni kati ya mlo na mlo. Tangu miadi ya awali alieleza kwamba tumbo dogo humzuia mtu kumaliza sahani kubwa lakini halimzuii kudonoadonoa kutwa nzima, na kwamba vinywaji vyenye sukari na vyakula laini vinavyoyeyuka mdomoni huteleza bila kizuizi, hata tumbo liwe dogo namna gani. Alinipangia protini ya gramu 60 hadi 80 kwa siku, iliwe kwanza kabla ya wanga, kwa kuwa ndiyo inayolinda misuli na kudumisha shibe. Akasisitiza kutokunywa pamoja na mlo na kusubiri kama nusu saa baada yake. Mengi ya haya yamo katika vijitabu vinavyogawiwa bure, na mtu angeweza kuuliza analipia nini. Jibu langu ni kwamba analipia mtu wa kuyaoanisha na ratiba yake ya kazi, usingizi wake na jamaa wa nyumbani ambao hawakupasuliwa na wanaendelea kupakua kama zamani. Miadi hiyo peke yake inatosha kuhalalisha malipo ya mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili miadi ya lishe hugeuka kuwa simu fupi, tena kila mara ukizungumza na mtaalamu tofauti ambaye anaanza kwa kukuuliza ulifanyiwa upasuaji wa aina gani. Sioni sababu ya kitabibu ya utaratibu huo. Naona sababu ya kihasibu. Mgonjwa wa mwezi wa 3 anayepungua kila wiki humpendeza kila mtu kliniki, na kwa kweli angepungua hata bila simu nyingi, ilhali mgonjwa wa mwezi wa 20, ambaye mizani yake imesimama na njaa yake imeamka, ndiye anayehitaji mtu anayemjua.

Vipimo vya damu vinafanywa kwa ukamilifu, nami nawapa haki yao. Huangaliwa wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D, foleti na kalsiamu, na matokeo huelezwa kwa lugha inayoeleweka. Msomaji anaweza kujiuliza vipimo hivi vinahusianaje na uzito kurudi. Vinahusiana sana, kwa sababu mwenye upungufu wa damu huchoka, na aliyechoka hatembei, hainui kitu kizito na hutafuta nguvu ya haraka kwenye vitu vitamu. Dosari iko kwenye karatasi ya maelekezo ya vidonge: imepanga madini ya chuma na kalsiamu vinywewe pamoja asubuhi, wakati kalsiamu huzuia chuma kufyonzwa na inashauriwa viachane kwa saa 2 au zaidi. Isitoshe, kalsiamu ya miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ambayo ndiyo kiasi kinachopendekezwa baada ya aina hizi mbili za upasuaji, hufyonzwa vizuri ikigawanywa kwa sehemu ndogo, na karatasi inaitaja kama dozi moja. Muuguzi alipoulizwa alirekebisha kwa kalamu, lakini karatasi zilizobaki mezani ziliendelea kugawiwa kama zilivyochapwa.

Jambo linalonisumbua zaidi katika mpango huu ni namna uzito unavyorekodiwa. Kila miadi hupimwa kwa mizani nzuri, na kadi hujazwa kwa uaminifu, ila kadi ina safu moja tu ya kulinganisha, nayo inalinganisha uzito wa leo na ule wa kabla ya upasuaji. Tuchukue mtu aliyeanza na kilo 120, akashuka hadi 80, kisha akapanda hadi 88. Kadi itasema amepungua kwa zaidi ya asilimia 26, na atapigiwa makofi. Ukweli wa pili, kwamba amekwisha kurudisha kilo 8 kati ya 40 alizopoteza, sawa na sehemu moja ya tano, haumo popote kwenye kadi. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2018, baada ya kuwafuatilia watu waliofanyiwa mchepusho kwa miaka kadhaa, waligundua kwamba kati ya njia walizozilinganisha za kupima uzito uliorudi, hiyo ya kuuhesabu kama sehemu ya kilo zilizopotea ndiyo iliyohusiana vizuri zaidi na mambo ya maana kwa mgonjwa, kama vile kurudi kwa kisukari na shinikizo la damu. Safu ya pili kwenye kadi haigharimu chochote. Pamoja nayo ingehitajika kanuni iliyoandikwa kwamba uzito ukipanda kwa kiasi fulani juu ya ule wa chini kabisa, mgonjwa aitwe bila kungoja zamu yake, kwani kilo 3 zilizorudi hushughulikiwa kwa mazungumzo na marekebisho, na kilo 15 huhitaji mengi zaidi.

Kuhusu ushauri wa kisaikolojia nitasema kwamba upo zaidi kwenye kijitabu cha kliniki kuliko ulivyo kwenye kliniki yenyewe. Kabla ya upasuaji kila mgonjwa hukutana na mwanasaikolojia, na mazungumzo yale yana sura ya mtihani wa kuingilia: unayajua majibu yanayotakiwa na unayatoa. Baada ya upasuaji mwanasaikolojia haonekani tena mpaka umwombe. Ni kosa la mpangilio, kwa sababu kula kwa kupoteza udhibiti, kukiwamo kule kwa kiasi kidogo kidogo mfululizo, ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa kwa uwazi na kunenepa tena, na hujitokeza au kurejea baada ya miezi mingi, si wiki mbili baada ya kushonwa. Pombe nayo ilitajwa mara moja tu, kabla ya upasuaji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa matatizo ya unywaji yaliongezeka katika mwaka wa 2 baada ya upasuaji, hasa kwa waliofanyiwa mchepusho, ambao pombe huingia kwenye damu yao haraka na kwa kiwango cha juu. Mbali na madhara yake mengine, pombe ni nishati ya kunywa isiyoshibisha. Swali hilo lilistahili kuulizwa kila miadi, kwa utulivu ule ule wa kuuliza kuhusu vitamini.

Mikutano ya kikundi cha wagonjwa inapunguza pengo hilo kwa kiasi. Ina thamani pale waliopasuliwa miaka mingi iliyopita wanapokuja na kusema wazi kwamba wamepanda, wameshuka tena kidogo, na wanajipima mara moja kwa wiki bila kufanya mizani kuwa hakimu. Inapoteza thamani inapojaa wageni wa miezi ya mwanzo wanaoshindana kutaja kilo, jambo linalomfanya aliyerudisha uzito akae nyuma na mkutano unaofuata asije. Kugawa vikundi kwa muda uliopita tangu upasuaji kungeondoa tatizo hili.

Mazoezi yamepewa kipeperushi. Kinataja dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho ni cha afya ya watu wazima kwa jumla. Kulinda uzito uliokwisha kupungua kwa kawaida hudai zaidi ya hapo, pamoja na mazoezi ya nguvu ya kutunza misuli, na hayo kipeperushi hakiyasemi.

Nifike kwenye mwisho wa mpango, ambako hukumu yangu inakuwa kali. Miaka 2 inapotimia mgonjwa hupewa barua ya kumpeleka kwa daktari wake wa kawaida. Yangu ilieleza aina ya upasuaji, uzito wa mwanzo na uzito wa siku ile, pamoja na orodha ya vidonge. Haikutaja uzito wa chini kabisa niliowahi kufika, wala vipimo vya kurudiwa kila mwaka, wala nini kifanyike uzito ukipanda. Nchini Uingereza mwongozo wa taifa, ule wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, unataka huduma ya upasuaji imfuatilie mgonjwa kwa angalau miaka 2, kisha aendelee kuangaliwa walau mara moja kila mwaka kwa ushirikiano wa daktari wake na wataalamu. Kliniki yangu imechukua nusu ya kwanza ya wazo hilo na kuiacha ya pili.

Na yapo mengi ya kufanya uzito unaporudi. Daktari anaweza kupitia dawa nyingine anazotumia mgonjwa, kwa kuwa insulini, steroidi na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza uzito. Anaweza kuagiza endoskopi, yaani kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomoni, au picha ya eksirei ya tumbo ili kuona kama kifuko au tundu lake la kutokea limepanuka. Zipo pia dawa za jamii ya GLP-1, kama liraglutidi na semaglutidi. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2023 lilionyesha kuwa liraglutidi iliwapunguza uzito watu ambao upasuaji haukuwa umewapunguza vya kutosha, kuliko ilivyofanya dawa bandia, yaani ile isiyo na kiambato cha tiba inayotumika kulinganishia. Upasuaji wa marudio nao upo, ingawa hatari zake kwa kawaida ni kubwa kuliko za upasuaji wa kwanza. Kijitabu cha kliniki kinautangaza huo wa mwisho kwa picha na maelezo marefu, wakati mwaka wa tatu wa ufuatiliaji hauna hata sentensi moja, wala haununuliki kwa yule aliye tayari kuulipia. Niliuliza mapokezi, nikaambiwa nikipanda uzito niweke miadi mipya na daktari wa upasuaji.

Pamoja na hayo, kwa anayekaribia kupasuliwa na kuchagua kati ya mpango huu na kukosa ufuatiliaji kabisa, ninaupendekeza bila kusita, kwa ajili ya mtaalamu wa lishe na vipimo vya damu. Kabla ya kulipa aombe kuandikiwa mambo manne: nani atampokea baada ya mwezi wa 24, kama atabaki na mtaalamu mmoja wa lishe hadi mwisho, kama ana haki ya kumwona mwanasaikolojia katika mwaka wa pili bila malipo ya ziada, na ni ongezeko la kilo ngapi juu ya uzito wake wa chini kabisa litakaloifanya kliniki impigie simu. Aliyekwisha kuumaliza mpango kama mimi aombe nakala ya kadi nzima ya uzito, si muhtasari, na ampelekee daktari wake pamoja na ile barua.