Mbio za farasi: Kariokor ya zamani ama Ngong Road?

Ukipita Race Course Road hapa Nairobi, pale chini karibu na Kariokor, lazima ujiulize, resi gani na huoni hata punda? Kumbe farasi walikuwa wanakimbia upande ule kweli, mpaka 1954 mbio zikahamia Ngong Road.

Kwa umbali Kariokor inashinda bila maneno, mtu wa tao alikuwa anafika na miguu yake. Ngong Road nayo ni jam, lakini ukishafika aisee, nyasi kijani, msitu uko hapo kando, gofu inachezwa humo humo, halafu siku ya Derby, ile mbio kubwa ya mwaka, farasi wanapiga mita 2,400 na wakiingia ile stretchi ya mwisho hata wewe ambaye hujabeti unasimama unapiga kelele.

Ila 1954 yenyewe... Aprili ndiyo Operesheni Anvil, ule msako wa Waingereza dhidi ya Mau Mau, maelfu ya watu wakazolewa Nairobi hii hii kupelekwa kambini, na mwaka huo huo walowezi wanapata kiwanja kipya. Hiyo hunikera kiasi.

Mimi bado Ngong Road, Jumapili na watoto. Kariokor naenda nyama choma.