Dodoso la ISTH-BAT: msaada mkubwa katika kutambua matatizo ya kuganda kwa damu, isipokuwa kwa mtoto mdogo

Kwa daktari anayefanya kazi mbali na maabara inayoweza kupima protini za kugandisha damu, dodoso la ISTH-BAT, orodha ya maswali ya kupima utokaji damu ya jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kuganda kwa damu (ISTH), lililochapishwa mwaka 2010, ni chombo cha kuwa nacho mezani kila siku. Halina gharama, linahitaji kalamu na subira, nalo hupitia aina 14 za utokaji damu, kuanzia puani na kwenye fizi hadi damu inayovilia ndani ya viungo, kila aina ikipewa alama 0 hadi 4. Mwanamume akifikisha jumla ya alama 4, mwanamke 6 au mtoto 3, anastahili uchunguzi zaidi.

Ninalipenda kwa sababu linamlazimisha anayeuliza auombe ukweli unaopimika. Ukimuuliza mama kama hedhi yake ni nyingi, mara nyingi atasema ni ya kawaida, kwa kuwa mama yake mzazi na dada zake nao hutoka vivyo hivyo, kumbe huenda ugonjwa wa von Willebrand, tatizo la kurithi la kuganda kwa damu, umo katika ukoo wao. Ukimuuliza kama pedi humaliza saa mbili kabla hajaibadilisha, na kama hutoka mabonge ya damu, jibu huwa jingine kabisa.

Udhaifu wake mkubwa uko kwa watoto. Mvulana ambaye hajatahiriwa, hajang'olewa jino wala kupasuliwa popote anaweza kuwa na hemofilia, yaani upungufu wa kurithi wa protini ya kugandisha damu, na bado akapata sifuri, kwa sababu hajapatwa na jambo la kuidhihirisha. Historia ya familia nayo haihesabiwi katika alama, jambo ambalo kwangu ni pengo la kweli; kabla ya tohara mimi huuliza kwanza kama yuko mjomba aliyetokwa na damu bila kukoma, maana hemofilia hurithiwa kupitia kwa mama. Nakala ninayotumia ni ya Kiingereza, hivyo kila swali hulazimika kulifafanua papo hapo.

Alama zikiwa juu, kipimo cha aPTT kilichorefuka huku PT ikiwa ya kawaida (vyote viwili hupima muda ambao damu huchukua kuganda) hunielekeza kwenye hemofilia, ingawa aPTT ya kawaida haiondoi uwezekano wa von Willebrand. Chupa ya kifuniko cha buluu inayowekewa damu ya vipimo hivi ijazwe hadi kwenye mstari: damu ikipungua, dawa ya sitreti iliyomo, inayozuia damu isigande, huzidi kiasi, na majibu hurefuka hata kwa mtu mwenye afya njema.