Kibanda cha ndizi cha Nakawa: muuzaji anayeuliza zitaliwa lini

Kwa miezi 4 sasa nimekuwa nikinunua ndizi katika kibanda kimoja cha soko la Nakawa, hapa Kampala, na kinachonirudisha kila Jumamosi si bei. Muuzaji wake, mama mtu mzima aliyejifunza Kiswahili mpakani Busia, hupanga ndizi kwa aina, kisha kila aina kwa hatua ya kuiva: bogoya (ndizi ya kula ikiiva) ya kijani, inayoanza kugeuka, ya manjano, na iliyojaa madoa ya kahawia. Kabla hajauliza unataka chane ngapi, huuliza nani atakula na lini.

Swali hilo lina uzito kwangu, kwa kuwa mama yangu anaishi na kisukari. Ndizi mbichi, ukiondoa maji yake, ni wanga kwa asilimia 70 hadi 80, na sehemu ya wanga huo ni sugu: hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, ukaenda kuwa chakula cha bakteria wa utumbo mpana. Kadiri ndizi inavyoiva, vimeng'enya huuvunja wanga kuwa sukari, hata bogoya iliyolegea ikawa imebakiwa na wanga kidogo sana. Jumla ya nishati haibadiliki sana, ila sukari huingia kwenye damu kwa kasi zaidi. Siku ya kwanza nilipoeleza hali ya mama, muuzaji alibonyeza shingo ya ndizi kwa kidole gumba, akaipita ile ya madoa niliyokuwa nimeishika, akanichagulia chane ndogo yenye ncha za kijani. "Ampe moja, mwanangu, na asile zikishalainika," aliniambia. Ningeongeza kwamba hata matoke, ndizi za kupika zikiwa mbichi, hayampi mgonjwa ruhusa ya kujaza sahani, maana kupika hupunguza wanga ule sugu.

Kwenye gonja, ndizi kubwa ya kuchoma au kupika, ndipo kibanda hiki kinapowashinda wengine. Wauzaji wengi huiuza ikiwa ngumu au huitupa ganda likianza kuwa jeusi, ilhali gonja hubaki na wanga mwingi kuliko ndizi ya kula mbivu hata ganda lake linapokaribia kuwa jeusi lote. Mama huyu alinipasulia moja kwa urefu, akaiweka kando ya bogoya iliyomenywa: bogoya ilikuwa nyeupe kama maziwa, gonja ina rangi ya chungwa. Rangi hiyo ni karotenoidi, ambazo baadhi yake mwili huzigeuza kuwa vitamini A. Gonja mbichi ina pia vitamini C karibu maradufu ya ndizi ya kawaida, miligramu 18 hivi kwa gramu 100 dhidi ya 9, ingawa moto hupunguza kiasi hicho. Kwa watoto wangu ninachukua gonja iliyoiva nusu, naichoma kwa makaa, wanaila na karanga.

Ndiizi zake, zile ndizi ndogo za kula, ni tamu na safi, sina la kusema zaidi. Matoke huletwa yakiwa mabichi na utomvu ukingali unachuruzika, nayo nayapika kwa mvuke ndani ya majani, kwa sababu yakichemshwa katika maji mengi sehemu ya potasiamu humwagwa pamoja na maji hayo.

Kasoro ninayoiona ni kibao kilichoning'inizwa juu ya meza, kinachosema kwamba ndizi mbivu huongeza damu. Gramu 100 za ndizi mbivu ya kawaida zina miligramu 0.3 tu za madini ya chuma, na matoke nayo ni haba wa chuma na vitamini A. Ndiyo maana watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, hapa Uganda, wamefanya kazi ya kukuza ndizi zenye vitamini A zaidi. Mjamzito akikiamini kibao hicho anaweza kuacha maharage, mboga za majani na vidonge alivyopewa kliniki. Nilimweleza muuzaji kwa heshima. Alisikiliza hadi mwisho, lakini Jumamosi iliyopita kibao kilikuwa bado pale.

Chane ya bogoya nililipia shilingi 6,000. Ukitaka za kuvundika nyumbani, mwombe zilizokomaa, uzifunike kwa gunia pamoja na moja iliyokwisha kuiva, kwani gesi ya ethilini inayotoka kwenye mbivu ndiyo huziharakisha nyingine. Fika kabla ya saa 4 asubuhi, maana gonja za rangi ya chungwa huisha mapema.