Kikatio cha Waya kwa Anayeanza Kutengeneza Hereni: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Malalamiko mengi yanayonifikia kutoka kwa wasomaji walioanza kutengeneza mapambo ya waya ni ya aina moja: hereni inakwaruza tundu la sikio, au bangili inanasa nyuzi za mtandio. Wengi huulaumu waya, wakaacha shaba nyekundu na kuhamia waya wa fedha wa bei kubwa, na tatizo likabaki palepale, kwa sababu kasoro imo katika kikatio.

Koleo la kawaida la fundi umeme lina makali yaliyochongwa mshazari pande zote mbili. Huubana waya hadi ukatike, na kila kipande hubaki na ncha iliyochongoka kama paa la nyumba. Kikatio cha kazi ya vito kina upande mmoja ulio bapa, na waya unaobaki upande huo hutoka na ncha bapa, ilhali mchongoko huenda kwenye kipande cha kutupa. Kwa hiyo upande bapa uelekezwe daima kwenye pambo lenyewe, na kila unapoanza kipande kipya kutoka kwenye roli, geuza kikatio uipunguze kwanza ile ncha iliyoachwa na mkato uliotangulia. Kisha pitisha ncha ya kidole hapo: ikikwaruza, mvaaji naye atakwaruzwa.

Chaguo langu la kwanza, na sioni sababu ya kulificha, ni Xuron 170-II ya Marekani. Ni nyepesi, springi yake haichoshi kiganja, na hukata waya laini hadi unene wa milimita 1, nayo kulabu za hereni kwa kawaida hutengenezwa kwa waya wa milimita 0.8. Ya pili ni Knipex Super Knips ya Ujerumani, ambayo ni imara zaidi na humfaa anayekusudia kutengeneza bangili za waya mnene. Lindström ya Uswidi ni bora sana, lakini bei yake ni mara kadhaa ya Xuron, hivyo ingoje hadi kazi ianze kukulipa. Chochote utakachochagua, usikikatie waya wa chuma hata mara moja, kwa maana makali yanaweza kupata pengo lisilorekebishika.

Vikatio vya bei nafuu vinatosha kujifunzia iwapo utanunua pamoja navyo tupa ndogo ya kulainishia ncha.

Linaloniudhi kwa dhati ni desturi ya wauzaji, na Kariakoo nimeiona mara nyingi, ya kuuza koleo la umeme kwa jina la kikatio cha sonara, likiwa limefungwa ndani ya plastiki ngumu ambayo mteja haruhusiwi kuifungua, huku ukutani kukiwa na tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mnunuzi anatakiwa alipie makali asiyoruhusiwa kuyaona. Nenda na kipande chako cha waya wa shaba, omba ukikate mbele ya muuzaji, kisha funga makali na uyaelekeze kwenye mwanga; ukiona mwanga unapenya katikati, au muuzaji akikataa jaribio lenyewe, usinunue hapo.