Nimelipia habari za usajili wa futiboli ya vyuo Marekani: tetesi hazina thamani ya hela, mengine yanalipika

Wakuu, kuna wadau kama watatu wanne wameniuliza hizi huduma za kulipia za habari za usajili wa futiboli ya vyuo huku Marekani, ile ya kushika mpira kwa mikono, zina faida gani, na kama mtu ameanza kunogewa na huu mchezo alipie au abaki na za bure, sasa naandika yote hapa kwa mkupuo. Jina la hii ninayolipia mimi siweki. Mimi ni shabiki wa chuo cha Ohio State, naishi hapa hapa Columbus kilipo, kwa hiyo mifano mingi itatoka kwetu, watani wa Michigan mtavumilia.

Kwa ambao hamjui mambo yanavyokwenda. Huku chuo hakimnunui mtoto kutoka sekondari kama Simba inavyonunua mchezaji Ghana. Makocha wanamfuata dogo, wengine wanapata ofa wakiwa bado wana miaka 14 au 15, anatembezwa vyuo, anapigishwa picha na jezi, anapewa ahadi, alafu siku moja anatangaza mtandaoni kwamba nimechagua chuo fulani. Hiyo ndo wanaita kukomit. Hakuna karatasi, hakuna saini, ni neno la mdomo la mtoto wa miaka 16 au 17, na linabaki hivyo mpaka ifike Desemba, Jumatano ya kwanza siku hizi, dogo ndo anamwaga wino kweli. Katikati hapo anaweza kubadili gia angani muda wowote na kudikomit, na kocha nae anaweza kumgeuka dogo muda wowote ofa ikayeyuka, hili la pili mashabiki wenzangu hawapendi kulisema lakini lipo na linatokea kila mwaka.

Sasa hao jamaa wa huduma wanauza nini? Wanauza kuanzia hapo mwanzo mpaka hapo wino. Unapata nyota za kila mchezaji, yani alama za ubora mpaka tano, unapata tetesi za ndani, unapata utabiri kwa asilimia kwamba dogo huyu ana asilimia 90 kwenda kwenu, unapata klipu na uchambuzi wa namna anavyocheza, na unapata habari za wachezaji wanaohama chuo kwenda chuo. Bei mwezi wa kwanza ni ya kukuvutia tu, baada ya hapo ni kama dola 10 kwa mwezi, na inajirudia yenyewe kwenye kadi.

Naanza na utabiri maana ndo kitu wanachotangaza kuliko vyote na ndo kitu kibovu kuliko vyote.

Tatizo lake ni kwamba ile asilimia inakupa uhakika ambao haupo. Ukiona 90 kichwani unaweka kwamba huyu ni wetu, unaanza kumpanga kwenye kikosi cha miaka miwili ijayo, unawaambia watu, kumbe ile 90 ni maoni ya waandishi wanaoongea na makocha wa chuo na watu wa karibu na familia, na hao wote wana sababu zao za kusema wanachosema. Alafu kuna mchezo mmoja naomba muuangalie kwa makini kabla hamjatoa hela. Utabiri unakaa miezi mitano unasema kwetu, dogo akianza kuyumba unabaki vile vile, nusu saa kabla hajatangaza kwamba anaenda kwingine wanaubadilisha, na kwenye rekodi yao inaandikwa wamepatia. Hiyo kwangu ni udanganyifu, nasema wazi. Mimi nimelipa miezi yote mitano nikiwa nimelishwa jibu lisilo sahihi, wao wamehesabu ile nusu saa ya mwisho. Na notifikesheni yenyewe mara nyingi inafika dogo ameshapost mwenyewe, kwa hiyo hata uharaka huo wanaousema haupo.

Chukua suala la Dylan Raiola, kotabeki, yani yule anayerusha mpira, ambaye alikuwa juu kabisa kwenye orodha za darasa la 2024, yani wanaoingia chuo mwaka huo. Mei 2022 alikomit Ohio State. Columbus nzima tulifurahi, kotabeki ndo roho ya timu na huyu alikuwa anasemwa kuliko wote. Desemba 2022 akadikomit. Mei 2023 akaenda Georgia. Desemba 2023, siku mbili tu kabla ya kusaini, akageuka tena akaenda Nebraska, chuo alichocheza baba yake Dominic Raiola na ambako baba yake mdogo alikuwa kocha hapo hapo. Ukiangalia nyuma unaona kabisa Nebraska ilikuwa ndani ya damu, familia ilikuwa na mizizi pale, lakini tuliokuwa tunasoma kila wiki tuliletewa habari za amefurahia ziara, ameongea vizuri na kocha, yuko imara. Neno yuko imara nimelisoma mpaka nimelichoka. Mwezi ule ule wa Desemba 2022 nyumbani Fei Toto alikuwa anataka kuondoka Yanga, na mnakumbuka kelele zake, lakini pale kulikuwa na mkataba, TFF ilikaa ikasema bado ni mchezaji wa Yanga, mwisho Azam wakaenda kumalizana na Yanga 2023 dogo akahama. Shabiki wa Yanga alikuwa na mahali pa kushika. Sisi kwa Raiola tulishika nini? Hakuna cha kushtaki, hakuna ada, hakuna shirikisho la kwenda kulia, na wala sisemi liwepo, nasema tu kwamba huduma inayokuuzia neno la mdomo kama vile ni mkataba inakukosea.

Na kusaini nako siku hizi sio mwisho. Ile karatasi ya zamani waliyokuwa wanasaini, iliyokuwepo tangu 1964, imefutwa Oktoba 2024, sasa ni makubaliano ya skolashipu na hela moja kwa moja na chuo. Lakini hata kabla haijafutwa kotabeki Quinn Ewers alishatuonyesha. Huyu alikomit Texas 2020, akadikomit, akaja kwetu, akaruka mwaka wake wa mwisho wa sekondari akaingia Columbus Agosti 2021 kwa sababu sheria za Texas zilikuwa hazimruhusu mwanafunzi wa sekondari kupokea hela za matangazo. Kwetu akacheza mara mbili tu, namaanisha mipira miwili aliyopokea na kumkabidhi mwenzake, basi, Desemba hiyo hiyo akarudi Texas. Watu walimtukana sana. Alafu tarehe 10 Januari 2025, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Texas na Ohio State, Texas wako mlangoni kabisa mwa goli letu wanataka kusawazisha, Jack Sawyer anamfikia Ewers anaupiga mpira unamtoka anaudaka anakimbia nao yadi 83 mpaka mwisho. Sawyer! Aliyekuwa anakaa nae chumba kimoja pale chuoni 2021! Tukashinda 28 kwa 14, na siku kumi baadae tukachukua ubingwa kwa Notre Dame 34 kwa 23. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kotabeki wetu kwenye ubingwa ule alikuwa nani? Will Howard, nyota tatu alipotoka sekondari, alikuja kwa kuhama kutoka Kansas State. Hakuna mtu alikuwa anamuota 2020. Kwa hiyo wakuu mnapolia kwamba dogo wa nyota tano ametukimbia, na mimi nalia nanyi kabisa, mkumbuke kwamba kikosi hakimaliziki Desemba.

Nyota zenyewe sizipuuzi lakini. Kuna kampuni inatoa nyota tano kwa wachezaji 32 hivi kwa mwaka, kwa hesabu ya wale 32 wanaochaguliwa raundi ya kwanza kwenda NFL, ligi ya kulipwa, na kwa jumla wanajua wanachofanya, timu zinazobeba makombe mara nyingi ndo zile zenye nyota nyingi. Ila mmoja mmoja wanakosea sana, Josh Allen, kotabeki wa Buffalo kule NFL, alitoka sekondari bila ofa yoyote ya chuo kikubwa akaenda kuanzia Reedley, chuo kidogo cha California, ndo Wyoming wakamchukua. Soma nyota kwa darasa zima, usizisome kwa mtoto mmoja.

Upande wa hela ndo balaa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na tangu Julai 2025, baada ya kesi ile kubwa ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kumalizwa kwa makubaliano, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa michezo yote. Hapo sina tatizo, vijana wanajaza viwanja vya watu laki moja, kwanini wasilipwe? Tatizo langu ni hii huduma kuandika kila siku fulani kaahidiwa milioni mbili, fulani milioni nne, chanzo chetu kinasema. Mikataba haiwekwi hadharani. Mimi naamini namba nyingi zinatoka kwa mawakala wanaopandisha dau, na sisi tunalipia kusoma tangazo la wakala. Muulizeni kotabeki Jaden Rashada, aliyekuwa amekomit Miami akageukia Florida Novemba 2022 kwa dili lililoripotiwa la dola milioni 13.85, hela haikuja, akaomba kuachiliwa, akaenda Arizona State, na Mei 2024 akafungua kesi dhidi ya Billy Napier, kocha wa Florida wakati ule, na wengine. Mtoto alipewa namba kubwa kwenye karatasi akabaki nayo kwenye karatasi. Kisa kama hiki ndo ningetaka kusoma, nani anaahidi, nani analipa kweli, dogo analindwa na nani, lakini sehemu kubwa ya unachopata ni namba tupu na emoji ya moto.

Sasa yale mazuri, maana yapo.

Habari za wachezaji wanaohama wanazifanya vizuri sana. Kocha Nick Saban alipostaafu Alabama Januari 2024, kila saa kulikuwa na kitu cha kweli, na ndani ya mwezi ule ule beki wao Caleb Downs akaja kwetu, Julian Sayin kotabeki aliyekuwa ametoka kusaini Alabama nae akaja. Pale nilipata thamani ya hela yangu. Sababu yake ni rahisi, kuhama kuna mfumo, jina linaingia kwenye orodha rasmi, kuna tarehe, kwa hiyo mwandishi ana kitu cha kuthibitisha. Na pale pia ndo unaona mashabiki tulivyo, Alabama walikuwa wanaumia kama sisi tulivyoumia kwa Raiola, ila siku hiyo hakuna hata mmoja wa kwetu aliyesema vijana hawana msimamo.

Uchambuzi wa klipu nao ni wa hali ya juu. Kuna mchambuzi wao wa marisiva, yani wale wanaodaka mpira, sijawahi kuona mtu anaeleza miguu ya mchezaji namna ile, kwamba huyu anavunja kasi bila kunyanyua kiwiliwili ndo maana beki hajui anakata wapi. Kwa Jeremiah Smith, risiva wetu, alieleza kila kitu mapema, na alipodaka ule mpira wa yadi 56 kwenye fainali na Notre Dame, sisi tuliokuwa tunasoma hatukushangaa. Ila siku ya kusaini ya huyo huyo Smith, Desemba 2023, alikuwa amekomit kwetu mwaka mzima, akavaa kofia yetu mbele ya watu, alafu karatasi haikufika kwa masaa mengi huku vyuo vya kwao Florida vikimvuta, na huduma yangu siku hiyo ilikuwa inatupa tetesi moja kila baada ya dakika kumi, anaenda, haendi, anaongea na Miami, mama yake hivi, mpaka usiku karatasi ikafika. Watu wazima tulikuwa tunatetemeka kwa sababu ya vitu ambavyo nusu yake havikuwa kweli.

Na hili nalisema kwa uchungu. Dogo akidikomit, kichwa cha habari wanachoweka ni cha kuwasha moto, kamtosa kocha, kawageuka mashabiki, alafu watu wanakimbilia kwenye kurasa zake kumtukana mtoto wa miaka 17, wengine mpaka wazazi wake. Huduma inajua hilo na inaendelea kwa sababu hasira inaleta watu. Travis Hunter alipoacha Florida State siku ya kusaini 2021 baada ya kukaa amekomit kwao zaidi ya mwaka, akaenda Jackson State kwa kocha Deion Sanders, alisemwa kila neno baya, leo ana Heisman ya 2024, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, aliyoichukua akiwa Colorado. Alijua anachotaka. Ukiwa na kijana wako anaepewa ofa na vyuo kumi utamwambia abaki na neno alilosema akiwa na miaka 15 hata kama kocha aliyemwita ameshafukuzwa? Mimi wangu nisingemwambia hivyo.

Kujitoa nako waache ujanja. Kwenye apu hakuna sehemu ya kusitisha malipo, lazima uingie tovuti kwa kompyuta, upitie kurasa za "una uhakika" na ofa za kukubakiza. Piga picha ya skrini ukimaliza.

Kwa hiyo mimi nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za klipu na habari za wanaohama. Utabiri ningeupa sifuri. Ukitaka kulipia, lipia mwisho wa Novemba upate siku ya kusaini Desemba, ubaki Januari wakati dirisha la kuhama liko wazi, alafu sitisha kabla ya Februari. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiwape hata senti, miezi hiyo ni ziara na yuko imara tu.