Wilson "The Duke" kwa mguu uliozoea kandanda: mpira mzuri, ila usiutoe boksini ukaupiga

Mchezaji wa kandanda anayehamia kwenye upigaji wa fildigoli, yaani kuupiga mpira wa futiboli ya Kimarekani kwa mguu upite kati ya milingoti, huwa anafanya manunuzi kinyumenyume. Anaanza na njumu mpya, kisha kisimamishio cha chuma cha kushikilia mpira wima, na mpira anaununua mwisho, tena ule wa mpira-plastiki wa bei rahisi. Njumu alizonazo zinamtosha kabisa. Kitakachompiga chenga ni umbo la mpira, kwa hiyo fedha iende huko kwanza.

The Duke ndio mpira rasmi wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Unashonwa na kampuni ya Wilson mjini Ada, Ohio, kwa vipande vinne vya ngozi halisi, na bei yake inazidi dola 100 za Marekani. Wengi wanadhani ni mzito kuliko wa kandanda. Sivyo. Una gramu 397 hadi 425, wakati wa kandanda una 410 hadi 450. Upepo wake ni psi (paundi kwa inchi ya mraba) 12.5 hadi 13.5, kiwango ambacho hata mpira wa kandanda unaweza kuwa nacho. Tofauti iko kwenye unene: katikati The Duke una kipenyo cha kama sentimita 17, wa kandanda una 22, halafu huu umechongoka ncha mbili na umesimamishwa wima kwa ncha moja. Eneo la kugonga ni dogo mno, chini kidogo ya pale mpira unaponenepa. Ukipanda juu ya hapo, mpira unatoka chini chini na kuwagonga mabeki wanaoruka kuuzuia. Ukishuka mno, unapaa kama kishada na kuishia njiani.

Hapa ndipo mguu wa kandanda unapojisaliti. Miaka yote mshambuliaji amefundishwa kuinamisha kifua juu ya mpira ili shuti lisipite juu ya mtambaa panya wa mita 2.44. Kwenye fildigoli, mtambaa panya uko mita 3.05 na mpira lazima upite juu yake, kati ya milingoti iliyoachana mita 5.64. Pia ule mkunjo mtamu wa frikiki, unaozunguka ukuta na kuingia pembeni, hapa ni ugonjwa. Mpira wa kandanda ukiguswa pembeni unakunja na kuendelea na safari. The Duke ukiguswa pembeni unazunguka kama pia, unapoteza nguvu na kuvutwa upande mmoja. Pigo safi linaufanya ubingirike kinyumenyume, ncha juu ya ncha, na macho ya anayejua hutazama mbingiriko huo kabla ya kutazama milingoti. Kwa kazi hiyo ya kumuumbua mpigaji, The Duke haina mpinzani. Mipira laini ya bei rahisi inasamehe pigo bovu, na msamaha huo unageuka deni siku ya majaribio.

Ubaya wake ni hali unayotoka nayo dukani. Ngozi mpya ni ngumu na ina utelezi kama wa nta. Mguu unateleza juu yake, mpira hauminyiki vya kutosha, na mapigo yanakuwa mafupi kwa yadi kadhaa. Lazima ufanyiwe kazi. Lowesha taulo, ikamue mpaka isidondoshe maji, sugua mpira wote hadi ngozi iwe nyevunyevu. Chukua brashi ngumu ya manyoya ya farasi, piga brashi kwa nguvu kufuata urefu wa mpira, dakika 10 hadi 15, ukikazania tumbo la mpira lisilo na kamba za kufungia mshono, maana ndilo litakalogongwa. Acha ukauke kivulini, rudia siku ya pili na ya tatu. Rangi itakolea na vinundu vya ngozi vitaanza kushika kidole. Kuuoka, kuukausha kwa mashine ya nguo au kuujaza upepo kupita kiasi ili ulegee ni kuua mishono tu. Wapigaji wa NFL waliwahi kuvuka mipaka kwa hila za namna hiyo, hadi mwaka 1999 ligi ikaanza kutenga mipira ya kupigwa kwa mguu na kuitia alama ya K.

Upepo nao. Pima mpira ukiwa nje, baada ya kukaa huko nusu saa. Ukiujaza psi 12.5 ndani ya chumba chenye nyuzi 24 kisha ukaupeleka uwanjani kwenye nyuzi 10, unashuka hadi kama psi 11.2 bila tobo lolote. Na sindano ya pampu ilowanishwe kabla ya kuingizwa. Sindano kavu ndiyo inayochana valvu, halafu lawama zinamwendea mtengenezaji.

Kisimamishio cha chuma, kile cha miguu mitatu chenye mkono unaobana ncha ya juu, kinauzwa kando na kinafaa. Chagua chenye mkono mwembamba na miguu inayoelekea mbali na njia ya mguu unaopiga. Kwenye nyasi bandia vile vyepesi huhama kila upepo ukivuma, na mpira unalegea sekunde ileile unapoanza kukimbia. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kinadanganya. Kinashikilia mpira hata dakika tano, kamba zikitazama milingoti kama inavyotakiwa. Kwenye mechi, tangu mpira urushwe nyuma hadi mguu uuguse ni kama sekunde 1.3, na ndani ya muda huo mshikaji, yaani mchezaji mwenza, anaudaka, anausimamisha na kuuzungusha kamba ziende mbele. Aliyezoea kutulia kabla ya penalti huwa anachelewa, au anaanza kukimbia kabla mpira haujasimama. Angalau theluthi ya mapigo yawe na mshikaji wa kweli.

Hatua ni zilezile kwa wengi: tatu nyuma ya mpira, mbili kando. Mguu wa kusimamia utue sambamba na mpira, ukiacha nafasi ya kama urefu wa wayo mmoja, vidole vikitazama lengo. Ukitua nyuma, unaufukuzia mpira na kuukunja. Ukitua karibu mno, nyonga haina pa kupita. Gonga kwa mfupa mgumu wa juu ya mguu, upande wa ndani, kifundo kikiwa kimekazwa. Watu wa kandanda wakichoka hurudi kupiga kwa ubavu wa ndani kama wanatoa pasi, na hapo nguvu inaisha. Ikitokea, mazoezi yamekwisha siku hiyo. Mapigo 40 hadi 50 yanatosha.

Njumu: za ngozi nyembamba zinazobana, meno marefu kidogo kwenye mguu wa kusimamia kama nyasi ni za asili. Basi.

Kibao cha kuinulia mpira usinunue kama lengo ni NFL, kwa sababu fildigoli huko hupigwa kutoka chini na vyuo vikuu vilikipiga marufuku mwaka 1989. Shule za sekondari za Marekani bado zinaruhusu cha hadi inchi 2, na anayekizoea hujifunza upya kupiga baadaye.

Anayetaka kujua kama uhamisho huu una faida amtazame Brandon Aubrey. Alicheza kandanda chuo kikuu cha Notre Dame, akachaguliwa na klabu ya Toronto FC raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wa MLS, ligi ya kandanda ya Marekani na Kanada, mwaka 2017, soka likakwama akawa mhandisi wa programu. Alianza kujifunza kupiga mwaka 2019, akaonekana USFL, ligi ndogo ya futiboli, na timu ya Birmingham Stallions mwaka 2022, akaingia Dallas Cowboys ya NFL mwaka 2023. Fildigoli zake 35 za kwanza NFL zote zilipita, rekodi ya ligi, na Septemba 2024 akafunga ya yadi 65. Tazama miaka iliyo katikati: nguvu ya mguu alikuwa nayo tangu kandanda, lakini hadi kufika NFL ilimchukua miaka minne.

Kwa hiyo nunua miwili, hata kama mmoja umeshatumika. Uliolainishwa na mtu makini ni bora kuliko mpya. Chukua na wa tatu wa ngozi ya kutengenezwa kwa ajili ya mvua, kwa sababu The Duke inakunywa maji. Ukilowa, ukaushe kwa taulo, upunguze upepo kidogo, uuweke mbali na jua na jiko, kisha siku inayofuata uupige brashi na kupima upepo tena kabla ya pigo la kwanza.