Yadi ya Dar: waranti ya gia boksi ya kwenye karatasi tu

Nyota 2, na hizo ni za yule dada wa kaunta aliyenipa maji. Nilichukua pikapu ya manyuo hapo, waranti miezi 3 ya "injini na gia boksi", wiki ya pili napanda Kimara nashusha gia toka 4 kwenda 3 inasaga kraaa, nawarudishia naambiwa hiyo klachi bosi, klachi inalika haimo kwenye waranti. Klachi gani jamani, ingekuwa imeisha si resi ingepanda tu gari haliendi? Hii inasaga gia moja, zingine laini! Fundi wangu akashusha boksi, ringi ya sinkronaiza ya gia ya 3 (ile inayosawazisha mwendo ili gia iingie laini) imelika meno, oili ina vumbi la shaba. Nawapelekea ringi yenyewe mkononi, eti umefungulia nje, waranti imekufa. Laki 3 na ushee zimenitoka.